"Maji ya wastani" kwenye goti: MRI inaona nini, na sindano inajibu nini

Swali: *Wiki 6 zilizopita nilitegua goti nikicheza mpira. Siku ile halikuvimba, lilivimba kesho yake asubuhi, na mpaka leo halijarudi kawaida. Sina homa. Ripoti ya MRI inasema: "maji ya wastani kwenye kiungo, utando umenenepa kidogo, kifuko cha Baker sentimita 5 × 3 × 2, kano na meniski ziko sawa." Daktari mmoja anataka kuyatoa maji kwa sindano. Mwingine anataka MRI irudiwe kwa dawa ya mshipani ili ijulikane ni maji ya nini. Wastani ni mililita ngapi? Na kwa nini picha ya kwanza imeshindwa kusema kama ni maji, damu au usaha?*

Jibu:

Ikiwa unataka kujua maji hayo ni ya nini, sindano ya kuyatoa ndiyo yenye jibu. MRI yenye dawa inajibu swali lingine: utando wa ndani ya kiungo umenenepa kiasi gani, na je, unawaka kwa uvimbe au umetulia. Kwa hiyo madaktari wako hawapingani sana kama inavyoonekana, ila mmoja wao amekuahidi kitu ambacho mashine haiwezi kukupa. Kuna jambo la tatu katika ripoti yako ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni zito kuliko haya mawili. Nitalifikia mwishoni.

Kwa nini maji yanang'aa

Mashine ya MRI husikiliza protoni za haidrojeni, ambazo mwilini ziko hasa kwenye maji na mafuta. Mawimbi ya redio huziamsha, zikaitikia kwa pamoja, kisha mwitikio ukafifia. Kasi ya kufifia ndiyo inayotenganisha tishu moja na nyingine. Kwenye gegedu, maji yamebanwa na nyuzi za kolajeni, hivyo mwitikio hufifia haraka. Kipimo chake, kiitwacho T2, ni karibu milisekunde 40. Misuli nayo iko jirani na hapo. Maji ya kiungo yako huru, na T2 yake ni mamia ya milisekunde. Mashine ikichelewa kusikiliza kwa milisekunde 80 hivi (muda huo huitwa TE), gegedu na misuli vimeshanyamaza karibu kabisa huku maji bado yanaitika kwa nguvu, ndiyo maana hutoka meupe. Kwenye picha za T1 (zinazofuata kasi ya protoni kurudi katika utulivu wake) mambo hugeuka: maji huwa meusi na mafuta ndiyo meupe.

Tatizo ni kwamba mafuta hung'aa hata kwenye picha za T2 zinazopigwa kwa njia ya haraka inayotumika siku hizi. Kwa hiyo fundi huyazima, ama kwa kulenga masafa ya redio ya mafuta peke yake, ama kwa mbinu ya STIR inayongoja kitambo maalumu (karibu milisekunde 150 hadi 170 kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, na zaidi ya 200 kwenye tesla 3) ili mafuta yawe sifuri kabla ya kupiga. Mafuta yakizimwa, kila penye maji huru panawaka kama taa gizani.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Picha hiyo inaonyesha *maji huru*, basi. Ute wa kawaida wa kiungo una maji huru, usaha una maji huru, damu ya siku chache nayo hivyo hivyo, na utando uliovimba umejaa maji. Uvimbe fulani wa nyama laini wenye utelezi ndani nao hutoka mweupe vilevile, mpaka ukadhaniwa ni kifuko cha maji. Weupe ni swali la kwanza tu. Msomaji wa picha anayejua kazi yake hutumia umbo, mahali, tabaka na majirani wa weupe huo kukisia ni nini, na mara nyingine makisio hayo ni mazuri sana. Mara nyingine hayana pa kushika.

"Wastani" ni kiasi gani

Kwanza, goti lenye afya halikosi maji. Lina takriban mililita 1 hadi 4 za ute, na MRI ina macho makali kiasi cha kuonyesha hata hizo. Ndiyo maana ripoti inayosema "maji kidogo" kwa mtu asiye na shida yoyote isimkoseshe mtu usingizi.

Maneno "kidogo", "wastani" na "mengi" hutokana na macho ya msomaji. Wengine hujisaidia na kipimo cha haraka: wanapima kina cha maji kutoka mbele kwenda nyuma upande wa nje wa goti, na kikizidi milimita 10 wanayahesabu kuwa yamezidi kawaida. Watafiti wa ugonjwa wa kulika kwa viungo wana mizani mbili rasmi. WORMS ya mwaka 2004 inauliza kiungo kimejaa kwa sehemu gani ya uwezo wake: chini ya theluthi ni daraja la 1, kati ya theluthi moja na mbili ni la 2, zaidi ya hapo ni la 3. MOAKS ya 2011 inaangalia umbo: daraja la 1 ni maji yanayoonekana mfululizo nyuma ya pia ya goti, la 2, mfuko ulio juu ya pia umeanza kutuna kidogo, la 3, kuta za kiungo zimetanuka waziwazi. "Wastani" wako huenda ni daraja la 2 katika mojawapo, kama msomaji alifuata mizani yoyote. Hakuna jedwali la kugeuza daraja kuwa mililita, kwa sababu goti la mtu mkubwa na la mtu mdogo hazina uwezo sawa.

Ukitaka mililita, zinahesabika. Unachukua picha za ubavuni, unazungushia maji mstari katika kila kipande, unajumlisha maeneo, kisha unazidisha kwa unene wa kipande *pamoja na nafasi iliyoachwa* hadi kipande kinachofuata. Tuseme kila kipande kina unene wa milimita 3 na nafasi ya milimita 0.3, na jumla ya maeneo katika vipande 24 ni sentimita za mraba 90. Zidisha 90 kwa 0.33: unapata takriban mililita 30. Kosa la kawaida ni kusahau ile nafasi. Kwa mfano huu ungepata 27. Kosa baya zaidi ni mfuko wa juu kukatwa na ukingo wa picha. Picha nyingi za goti zina upana wa sentimita 14 hadi 16, na mfuko wa juu ya pia ukijaa hupanda sentimita kadhaa kwenye paja na kutoka nje ya fremu. Ukiona weupe umefika ukingoni na kukatika ghafla, hesabu yoyote uliyonayo ni ya chini kuliko ukweli.

Kifuko cha Baker, yaani kile cha maji nyuma ya goti, hukadiriwa kwa njia nyepesi zaidi: urefu mara upana mara kina mara 0.52. Chako, 5 × 3 × 2, kinatoa karibu mililita 16. Hayo ni maji ya goti lako vilevile, yamepita kwenye upenyo ulioko kati ya kano mbili za nyuma upande wa ndani (ya msuli wa semimembranosasi na ya kichwa cha ndani cha msuli wa kigimbi). Upenyo huo mara nyingi hufanya kazi kama vali: maji yanaingia kwa urahisi na kurudi kwa shida. Sindano inayoingia mbele huenda isikiguse, na kukichoma chenyewe huku goti likiendelea kuzalisha maji ni kuchota maji ya mtungi huku bomba limefunguliwa.

Je, kiasi kina umuhimu gani? Kwa matibabu, mdogo kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa jambo moja: maji ya mililita 20 hadi 30 tu yanatosha kuufanya msuli wa paja upande wa ndani ulegee, kwa sababu kiungo kilichotanuka hutuma taarifa kwenye uti wa mgongo inayozima msuli huo. Mtu anafanya mazoezi wiki nzima na paja halipati nguvu. Kwa goti la wiki 6 kama lako, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuyatoa.

Ukilinganisha MRI mbili za nyakati tofauti, hakikisha goti lilikunjwa kwa kiasi kile kile, kwa kawaida nyuzi 10 hadi 15 ndani ya koili (kifaa cha kupokea mawimbi kinachozunguka goti). Goti likinyooshwa au kukunjwa zaidi, maji huhama kutoka mfuko wa juu kwenda nyuma au pembeni, na mto uliobanwa kwa nguvu juu ya pia huyasukuma. Yanaweza kuonekana yamepungua kumbe yamehama chumba.

Pale MRI inapoweza kusema "haya si maji ya kawaida"

Damu ndiyo inayojitaja vizuri zaidi. Mtu akilala chali kwa dakika kadhaa, chembe nyekundu huzama chini na majimaji yake hubaki juu, na kwenye vipande vya ubavuni au vya mkato wa mviringo (unaolivuka goti) unaona mstari ulionyooka kama uso wa maji kwenye glasi. Ikiwa kuna tabaka la tatu juu kabisa, jeupe kwenye T1 na likawa jeusi mafuta yanapozimwa, hayo ni mafuta ya uboho yaliyovuja kutoka kwenye mfupa. Maana yake kuna ufa uliofika ndani ya kiungo, hata kama eksirei haikuuona. Msomaji akiona tabaka tatu, hapumziki mpaka aupate ufa.

Damu ya zamani inayovuja mara kwa mara, kama kwa wenye hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) au wenye uvimbe wa utando uitwao PVNS, huacha chuma kwenye utando. Chuma hicho hufanya utando uwe mweusi katika kila aina ya picha, na kwenye picha za gradienti (aina inayohisi chuma kwa urahisi) weusi huo hufura na kuonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kwa goti lenye maji yanayorudi kila baada ya kutolewa, hasa yakiwa na rangi ya kutu, picha ya gradienti ni ya dakika chache na inastahili kuombwa.

Kuna vingine vinavyojulikana kwa sura. Vipande vidogo kama punje za mchele vinavyoelea ndani ya maji hutokea kwenye baridi yabisi na kwenye kifua kikuu cha kiungo. Vidole vya mafuta vinavyoning'inia ndani ya mfuko wa juu, vyeupe kwenye T1 na kuzimika pamoja na mafuta mengine, ni utando uliogeuka mafuta, ugonjwa usio hatari ila unaoudhi.

Usaha? Hapa ndipo picha inapokwama. Usaha ndani ya goti unaweza kuwa na weupe ule ule wa maji safi. Msomaji anaweza kushuku akiona uboho wa mfupa pande zote mbili umejaa maji, nyama za nje zimevimba, na hasa uboho umekuwa mweusi kwenye T1, dalili kwamba maambukizi yameingia mfupani. Lakini hata kukosekana kwa maji mengi hakuondoi maambukizi, hususan kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu. Fuwele za jongo nazo ni ndogo mno kwa MRI. Zinaonwa kwa darubini yenye mwanga uliochujwa. Ndiyo maana kanuni haina mzaha: goti lenye moto, lililovimba na kuuma likiguswa au kuguswa tu na shuka, pamoja na homa, linachomwa sindano siku hiyo hiyo. Halisubiri foleni ya MRI, kwa sababu usaha hula gegedu kwa siku, si kwa miezi.

Dawa ya mshipani inafanya nini hasa

Dawa yenyewe ina gadolini, metali inayofupisha muda wa T1 wa tishu inakofika, hivyo zinatoka nyeupe kwenye picha za T1. Utando wa kiungo una mishipa mingi ya damu, hivyo hung'aa upesi. Maji hayana mishipa, hivyo hubaki meusi. Mpaka kati ya kuta na maji unachorwa vizuri kuliko kwa njia nyingine yoyote. Kwa goti, utando unaong'aa ukiwa na unene unaozidi milimita 2 huhesabiwa kuwa umevimba.

Kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 hupewa milimoli 7: mililita 14 kwa dawa nyingi, zenye nguvu ya milimoli 0.5 kwa mililita, na mililita 7 tu kwa zile zenye nguvu ya 1.0. Kuchanganya nguvu hizi mbili ni kosa linalotokea.

Dawa hii ina adui mmoja, saa. Gadolini haikai ndani ya utando. Inavuja taratibu kuingia kwenye maji. Picha zikipigwa ndani ya dakika 5 hadi 10 za kwanza, mpaka uko wazi. Baada ya robo saa maji nayo yameanza kung'aa kutoka pembeni kuelekea katikati, na utando unaonekana mnene kuliko ulivyo. Mgonjwa akidungwa kisha akaachwa alale wakati mashine inapiga picha ndefu za sehemu nyingine, matokeo yake ni ripoti ya "utando mnene" isiyo na ukweli. Kosa la pili ni kutumia STIR baada ya dawa: tishu zilizopata gadolini zina T1 fupi inayokaribia ya mafuta, kwa hiyo STIR inazizima pamoja nayo, yaani unafuta kile kile ulichokuwa unakitafuta. Baada ya dawa tumia T1 yenye kuzima mafuta kwa masafa, na piga picha kama hiyo hiyo kabla ya dawa ili kuwe na cha kulinganishia.

Kabla ya kudungwa, figo ziulizwe. Ikiwa uchujaji wake uko chini ya mililita 30 kwa dakika, kuna hatari ndogo lakini mbaya ya ngozi na viungo kukakamaa, hasa kwa dawa za kizazi cha zamani. Sababu ya kudunga iwe nzito na dawa iwe ya kundi salama zaidi. Ujauzito utajwe. Kiasi kidogo cha gadolini hubaki mwilini hata kwa mwenye figo nzima, na ingawa madhara yake hayajathibitishwa, dawa isitumike kwa mazoea tu.

Je, bila dawa utando hauonekani? Unaonekana kwa kiasi. Kwenye picha zenye TE ndefu, zaidi ya milisekunde 100, utando hufifia na kuwa wa kijivu huku maji yakibaki meupe pe. Uvimbe kwenye mto wa mafuta ulio chini ya pia ya goti nao hutumika kama kielelezo cha utando unaowaka. Kwako, "umenenepa kidogo" lilisomwa kwa njia hii, nalo linaendana na goti lolote lililokaa na maji wiki 6. Ningeitaka MRI yenye dawa kama ungekuwa na viungo vingine vinavyovimba, ugumu wa asubuhi unaozidi saa nzima, au maji yaliyotolewa yakaonyesha uvimbe bila maambukizi.

Makosa ya picha yanayozaa maji yasiyokuwepo

La kwanza ni mafuta kuzimwa vibaya. Kuzima kwa masafa kunategemea uga wa sumaku uwe sawasawa; karibu na skrubu, au kwenye bega na kiwiko vilivyo mbali na katikati ya mashine, uga unayumba, mafuta hayazimiki, na yanang'aa kama maji. Kinga yake ni picha ya T1: kama mahali hapo ni peupe kwenye T1 pia, ni mafuta. Karibu na chuma, STIR ni salama zaidi, na kwa goti bandia kuna mbinu maalumu za kupunguza mvurugo.

La pili ni pembe ya nyuzi 55. Kano ikilala kwa pembe hiyo dhidi ya uga wa sumaku, hung'aa yenyewe kwenye picha zenye TE fupi, ikadhaniwa imelowa au imechanika. TE ikiongezwa, mng'ao unatoweka. Maji ya kweli hayatoweki.

La tatu ni la binadamu: hewa. Sindano ikitoa maji huingiza vipovu, navyo huelea sehemu ya juu ya kiungo kama matone meusi yanayofanana kabisa na vipande vya gegedu vilivyomeguka. Basi kama una MRI na sindano katika wiki moja, na hakuna dalili ya maambukizi, MRI itangulie. Kama sindano imetangulia, au ulidungwa dawa ndani ya goti, fundi aambiwe tarehe na kiasi. Dawa iliyodungwa jana inaonekana leo kama maji ya ugonjwa.

Kwa viungo vingine, kwa ufupi. Begani, maji kwenye ala ya kano ya msuli wa mbele wa mkono ni ya kawaida, kwa kuwa ala hiyo imeungana na kiungo. Lakini maji ndani ya kiungo *na* ndani ya kifuko kilicho juu ya kano za kuzungusha bega, yote mawili kwa pamoja, yamtume msomaji kutafuta tundu lililopitiliza kwenye kano hizo. Kwenye kifundo cha mguu, maji kwenye ala ya kano ya kidole gumba mara nyingi ni ya kiungo yaliyojitembelea tu. Kwa nyonga ya mtoto, ultrasaundi itangulie: haina kelele, haihitaji kumlaza usingizi, na sindano inaweza kuongozwa papo hapo.

Sasa goti lako

Likivimba ndani ya saa mbili tatu za kuumia, hiyo kwa kawaida ni damu. Lako lilivimba kesho yake, mwendo wa kiungo kinachokereka na kuzalisha ute. Wiki 6 bila homa, maambukizi ya usaha hayana nafasi kubwa, ingawa kifua kikuu cha kiungo huenda polepole na hakilazimishi homa.

Maji yatolewe kwa usafi kamili, yote yanayotoka, na yasimwagwe. Rangi iandikwe. Yapelekwe kwenye hesabu ya chembe nyeupe (kwenye kichupa kisichogandisha damu), kwenye darubini ya fuwele, na kwenye kuoteshwa vimelea. Chini ya chembe 2,000 kwa mikrolita, goti linakereka kimitambo tu. Juu ya 2,000 kuna uvimbe wa kweli. Zikizidi 50,000, inachukuliwa kuwa ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kupatikana fuwele hakufuti maambukizi. Vyote viwili huweza kukaa goti moja. Kama chembe nyingi ni limfosaiti (aina moja ya chembe nyeupe), vipimo vya kifua kikuu viongezwe kwenye maji hayo hayo.

Na lile jambo la tatu. Ripoti yako inasema kano na meniski (mito ya gegedu kati ya mifupa) ziko sawa, kisha inanyamaza kuhusu gegedu na uboho wa mfupa. Goti haliendelei kutoa maji wiki 6 bila sababu, na sababu zinazopitwa na macho ziko chache. Peleka diski ya picha zako, si karatasi ya ripoti peke yake, kwa daktari wa picha anayesoma viungo, na umwombe aangalie haya: gegedu la nyuma ya pia ya goti kwenye vipande vya mkato wa mviringo, kwa sababu ufa wa hapo hauonekani vizuri ubavuni, mzizi wa nyuma wa meniski ya ndani, unaochanika huku mwili wa meniski ukibaki mzima na ukasomwa "sawa", weupe kwenye uboho wa ukingo wa ndani wa pia pamoja na ukingo wa nje wa mfupa wa paja, ambao ni alama ya pia iliyoruka na kurudi yenyewe bila wewe kujua, na kipande cha gegedu kilichomeguka, ambacho hupenda kujificha ndani ya mfuko wa juu, nyuma ya kano za msalaba, au ndani ya kile kifuko chako cha Baker. Picha zenyewe ziwe na vipande vya milimita 3 au chini yake katika pande tatu, na mafuta yamezimwa. Kama hazina, hapo ndipo MRI ya pili ina maana, na haihitaji dawa.